ZIMWI LISEMALO KISWAHILI: UHAKIKI WA MCHEZO WA TELEVISHENI "THE MAN TRAP"

I

Tarehe 8 Septemba, 1966, shirika la utangazaji la NBC la Marekani lilionyesha mchezo wa televisheni uitwao "The Man Trap", ulioandikwa na George Clayton Johnson na kuongozwa na Marc Daniels. Huo ndio mchezo wa kwanza ambao shirika hilo lilionyesha katika mfululizo wa Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry, ambao ulifikia michezo 79 kabla ya kukoma mwaka 1969. Katika mchezo huo, kwa muda mfupi sana, watu wawili weusi wanasimama katika ujia wa chombo cha angani na kusemezana kwa Kiswahili.

Wapenzi wa lugha hii hulitaja tukio hilo kwa fahari. Husema, na ni kweli, kwamba Kiswahili kiliingia katika hadithi za sayansi za Wamarekani wakati ambapo watu wengi wa nchi hiyo walikuwa hawajalisikia hata jina lake. Kwamba sherehe ya Kwanzaa, iliyoeneza maneno ya Kiswahili miongoni mwa Wamarekani weusi, ilikuwa bado miezi mitatu kuanzishwa. Fahari hiyo ina haki yake. Lakini fahari si uhakiki. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: Kiswahili kimetiwa katika mchezo huu ili kifanye kazi gani? Na kazi hiyo, ikipimwa kwa maisha ya watu wanaokitumia Kiswahili kila siku, inaonyesha ukweli gani na inaficha ukweli gani?

Kipimo kilichochaguliwa katika makala haya ni wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi uliomo ndani yake. Uchaguzi huu una sababu tatu. Kwanza, Kilosa ni mahali ambapo Kiswahili kinakaa juu ya lugha nyingine zilizo hai, nazo ni jamaa zake. Pili, Msowero, mahali palipotiwa sahihi mojawapo ya hati mashuhuri kuliko zote katika historia ya nchi, ni pa Kilosa. Tatu, Mikumi ni mji ulio kando ya hifadhi ya wanyama wa porini, na mchezo huu, mwisho wake, unageuka kuwa hadithi ya mnyama. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 1966 hapakuwa na mtu wa Kilosa aliyeweza kuutazama mchezo huo nyumbani kwake. Televisheni ilikuwa imeanza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Unguja iliipata katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo Kiswahili kilipaa angani kabla wenyewe hawajapata chombo cha kukitazamia.

II

Hadithi yenyewe si ngumu. Chombo kiitwacho Enterprise kinafika kwenye sayari ya mbali wanakokaa mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Crater, na mkewe Nancy. Wageni wamekuja kuwapima afya. Crater hataki kupimwa wala kusaidiwa; anachotaka ni chumvi. Punde si punde mabaharia wa chombo wanaanza kufa, nyuso zao zina madoa mekundu ya mviringo, na mwilini mwao hamkubaki chumvi. Mwisho inajulikana kwamba Nancy alikwisha kufa zamani. Anayetembea kwa sura yake ni kiumbe wa sayari ile, wa mwisho wa jamii yake, ambaye huishi kwa chumvi, na ambaye anaweza kusoma mawazo ya mtu na kujivika sura ya yule anayefikiriwa.

Mwandishi anaionyesha hila hiyo tangu mwanzo kwa ustadi. Wanaume watatu wanamtazama Nancy kwa mara ya kwanza, na kila mmoja anaona mwanamke wake. Daktari McCoy, aliyempenda miaka mingi iliyopita, anamwona kijana vilevile kama alivyomwacha. Kapteni Kirk anamwona mtu mzima mwenye mvi. Baharia Darnell anamwona msichana mwingine kabisa, aliyemjua mahali pengine. Darnell ndiye anayekufa kwanza.

Baadaye kiumbe anaingia chomboni kwa sura ya baharia mmojawapo, na katika kuzunguka kwake anamkuta Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, yuko peke yake. Hapo anageuka kuwa kijana mweusi mtanashati, anayeigizwa na Vince Howard. Uhura anamwuliza kama wanajuana. Kijana anajibu kwamba kwa namna fulani ndiyo, kwa kuwa Uhura alikuwa akimfikiria mtu kama yeye. Tena anasema kwamba anaonekana mpweke. Ndipo Kiswahili kinapoingia. Uhura anaanza kulegea na kuganda, na mkono wa kiumbe unamkaribia usoni. Papo hapo anaitwa kazini kwa kipaza sauti, mlango wa lifti unafunguka, wenzake wawili wanatoka, naye anazinduka na kwenda zake.

III

Mhakiki wa lugha hana budi kuanza na jina. Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, aliyefariki tarehe 30 Julai, 2022, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua mkononi riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962. Ruark alikuwa Mmarekani, mwandishi na mwindaji, na riwaya hiyo inahusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, likageuzwa mwisho wake ili lisikike laini na lifae kuwa jina la mwanamke.

Kwa kanuni za sarufi, jina hili lina kasoro. Vokali ya mwisho ya nomino za Kiswahili haionyeshi mume wala mke. Neno huru asili yake ni Kiarabu, lakini u- ya mwanzo wa uhuru imechukuliwa na wasemaji kuwa kiambishi cha Kibantu, sawa na ile ya uzuri au utu. Basi Uhura ni neno lenye kichwa cha Kibantu na mkia wa Kiarabu. Hata hivyo lisihukumiwe kwa ukali. Waswahili wenyewe, katika majina ya watu waliyopokea kutoka Kiarabu, wanao Saidi na Saida, Amini na Amina, Rashidi na Rashida. Aliyeliunda jina la Uhura alifuata mkondo ulioko, ila aliufuata mahali pasipo pake. Na lau angalisogea hatua moja tu, angalilikuta jina lililo tayari, lenye kuvaliwa na wanawake wengi wa pwani na bara, ambalo pia ni jina la sayari: Zuhura. Jina lake jingine, Nyota, ambalo filamu ya mwaka 2009 ilimpa hadharani, halina dosari yoyote.

Kuhusu matamshi hapana haja ya maneno mengi. Ni matamshi ya watu waliokariri. Vokali zimevutwa kwa namna ya Kiingereza, na mkazo unatangatanga badala ya kutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio la msemaji hupata neno hapa na neno pale kabla ya kupata sentensi. Watu wengi hulitaja jambo hili kwa kicheko na kuishia hapo. Lakini kasoro ya matamshi ya waigizaji na kasoro ya mchezo ni mambo mawili mbalimbali, na mhakiki anayeichukua ya kwanza kuwa ndiyo ya pili amefanya kazi nyepesi. Mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1966 hakutarajiwa kuelewa hata neno moja. Kwake Kiswahili kile kilikuwa sauti, na sauti ile ilikuwa na maana moja tu: nyumbani.

IV

Kwa mtu aliyelelewa katika hadithi za jioni, kiumbe huyu si mgeni. Pwani na bara, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Kibantu, husimuliwa hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini, mpaka akatokea mgeni mzuri kupita kiasi ambaye hakuna aliyejua atokako. Msichana akafuatana naye. Na walipokuwa njiani, mbali na kwao, mgeni akageuka kuwa zimwi. George Clayton Johnson hakuwa na haja ya kuisikia hadithi hiyo ili aandike yake, kwani mambo ya namna hii yamo katika mataifa mengi. Lakini msomaji wa Kiswahili anayo haki ya kuusoma mchezo huu kwa hadithi anayoijua, na akifanya hivyo ataona tofauti mbili zenye uzito.

Tofauti ya kwanza ni ya kosa. Msichana wa hadithi huadhibiwa kwa kiburi, na mafunzo ya wazee hutolewa juu ya kichwa chake. Uhura hana kiburi. Mapema katika mchezo anaonekana kazini, amechoka. Anamwambia Spock, afisa mwenzake asiyekuwa na hisia za kibinadamu, kwamba amelichoka neno moja la kazi yake analolitamka kutwa. Anamwomba aseme naye kwa maneno matamu, amweleze jinsi sayari ya kwao inavyopendeza mwezi unapokuwa mpevu. Spock anajibu kwamba sayari yake haina mwezi. Watazamaji hucheka hapo, na wana sababu ya kucheka. Lakini mwandishi amekwisha kutuonyesha jambo zito: afisa wa mawasiliano, ambaye kazi yake ni kusikiliza ulimwengu wote, hana mtu wa kuzungumza naye. Zimwi halikupita katika tundu la kiburi. Limepita katika tundu la upweke.

Tofauti ya pili ni ya ujuzi. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii huchukulia kwamba kujua huleta huruma kidogo, au walau kiasi. Katika mchezo huu kujua ndiko chombo chenyewe cha kulia. Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada ambao Kiingereza cha mchezo hakina. Kiswahili hutofautisha kujua na kujuana. Kiambishi -an- huhitaji pande mbili: kila mmoja atende na kila mmoja atendewe. Uhura anauliza la kujuana. Kiumbe anajibu kwa kumjua. Amesoma mawazo yake, ameyapata maneno ya lugha yake, amelipata umbo la mtu anayemtamani. Na Uhura hajapata chochote kutoka kwake. Mazungumzo yao ya Kiswahili yana sura ya kusemezana, lakini hakuna -an- ndani yake. Ni mwangwi uliotoka kifuani mwa Uhura mwenyewe ukamrudia kwa sauti ya kiume.

Ndiyo maana ni makosa kusema kwamba Uhura amempata mwenziwe wa lugha katika chombo kile. Hakumpata. Kiswahili katika mchezo huu kina msemaji mmoja na mwigaji mmoja. Na mwigaji hana lugha yake: akiwa mbele ya McCoy anasema kama Nancy, akiwa mbele ya Uhura anasema kama kijana wa kwao. Mchezo hautuonyeshi hata mara moja kiumbe huyo alisema nini na jamii yake ilipokuwa hai.

V

Mtu wa Kilosa anaweza kuutazama mtego huu akakumbuka mwingine, uliotegwa katika ardhi yake. Mwishoni mwa Novemba 1884, Carl Peters, akiwakilisha chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni, alifika Msowero katika Usagara, na hati ikatiwa alama na mtawala wa pale, Mangungo. Hati hiyo ilijiita ya urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo alionyeshwa kuwa ametoa nchi yake pamoja na haki zake zote. Mazungumzo yalipita kwa mkalimani. Hati ilikuwa ya Kijerumani. Mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa mikataba ya namna hiyo.

Jina la Mangungo limekuwa tusi katika siasa za Tanzania. Mtu akitia sahihi mkataba mbaya huitwa Mangungo, kana kwamba kosa lote lilikuwa ujinga wa mtu mmoja. "The Man Trap", ukisomwa kwa makini, unamtetea mzee huyo kuliko wanavyomtetea wajukuu zake. Yatazamwe maneno mawili. Mapatano yametokana na kupatana, nayo yana -an- ndani yake: pande mbili zimekutana zikasikilizana. Mkataba asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Maana yake ya kwanza ni jambo lililoandikwa, hata kama aliyetia alama hakulisoma. Yamkini yaliyosemwa Msowero kwa kinywa yalikuwa mapatano. Yaliyochukuliwa kwenda Berlin yalikuwa mkataba. Mtego ulikuwa katika pengo lililo baina ya hayo mawili, na pengo hilo ni la lugha. Mangungo, kama Uhura, alisikia maneno ya urafiki katika lugha aliyoweza kuifahamu, na hakuweza kuona kwamba nia ya msemaji ilikuwa imeandikwa mahali pengine.

Haifai kuusukuma mfano huu kupita kadiri. Kiumbe wa mchezo anatafuta chumvi ili asife. Peters hakuwa katika hatari ya kufa kwa kukosa Usagara. Lakini mfano unatosha kuonyesha kwamba mtu kusemeshwa kwa lugha yake si ushahidi wa kupendwa. Waswahili walikwisha kulisema hili kwa ufupi: kikulacho ki nguoni mwako. Na katika mambo haya hakuna nguo iliyo karibu na mwili kama lugha.

VI

Hapa inafaa kuuleta mchezo wa pili wa mfululizo huohuo, "The Changeling", ulioonyeshwa tarehe 29 Septemba, 1967. Mtambo uitwao Nomad unayafuta maarifa ya Uhura, naye analazimika kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiingereza kinapomkwama, Kiswahili kinamtoka. Na muuguzi anayemfundisha anamrudisha kwenye Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1967, nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa, na Kiswahili kikaagizwa kitumike katika shughuli zote za serikali. Muda si mrefu kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Lakini shule za sekondari zilibaki na Kiingereza. Mwanafunzi anayetoka darasa la saba Mikumi na kuingia kidato cha kwanza anamjua vizuri muuguzi yule, ingawa hajapata kuutazama mchezo.

Michezo yote miwili imejengwa juu ya dhana moja: kwamba ndani ya mtu mna tabaka za lugha, na kwamba kwa Uhura tabaka ya chini kabisa, ile ya utoto na ya matamanio, ni Kiswahili. Mtambo hauifikii, zimwi ndiko linakoelekea. Dhana hii inakipa Kiswahili heshima ambayo shule nyingi za Afrika ya Mashariki zimechelewa kukipa. Lakini je, ni kweli?

Katika Kilosa ya mwaka 1966 haikuwa kweli kwa watu wengi. Chini ya Kiswahili palikuwa na Kisagara, Kikaguru, Kividunda, na lugha za majirani kama Kiluguru. Palikuwa pia na Kimasai cha wafugaji. Katika mpango wa Malcolm Guthrie wa kuziainisha lugha za Kibantu, Kividunda, Kisagara, Kiluguru, Kikaguru na Kiswahili chenyewe zote zimewekwa katika kanda moja, kanda G. Ni ndugu waliokaa mbalimbali. Kiswahili kiliwafikia ndugu zake hao kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, kisha kwa reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kisha kwa mashamba ya mkonge yaliyowakusanya vibarua wa makabila mengi, kisha kwa barabara kuu ipitayo Mikumi kwenda Iringa na Zambia. Bibi wa milima ya Vidunda aliyekuwa mpweke mwaka 1966 hakuota kwa Kiswahili. Zimwi lililotaka kumnasa lingelazimika kujifunza Kividunda.

Leo mambo yamegeuka. Karsten Legère, aliyefanya utafiti wa Kividunda katika wilaya hiyo, ameonyesha jinsi lugha hiyo inavyosongwa na Kiswahili. Mtoto anayezaliwa katika mji wa Mikumi, wazazi wake wakiwa wametoka pande mbili za nchi, huanza kusema kwa Kiswahili, na mara nyingi huishia hapohapo. Kwa mtoto huyo dhana ya Star Trek ni kweli tupu: Kiswahili ndiyo lugha ya ndani. Kilichokuwa kosa kwa bibi kimekuwa sawa kwa mjukuu. Lakini usawa huo umelipiwa, na aliyelipa ni Kividunda.

Basi swali la mchezo linamgeukia msomaji wa jarida la Kiswahili, na si swali la kupendeza. Mtu mwenye umri mkubwa husifiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Kiswahili kimekula chumvi nyingi: je, chumvi hiyo imetoka wapi? Kwa Kisagara na Kividunda, Kiswahili hakikuja na bunduki. Kilikuja na sura ya jamaa, chenye ngeli zinazofanana na zao, chenye maneno yanayofanana na yao, mpaka mtoto akihama kutoka lugha moja kwenda nyingine haoni kama amevuka mto. Adui anayetisha, kama Kiingereza, watu humwona toka mbali. Jamaa hamwogopi mtu.

Itakuwa dhuluma kumaliza hoja hapo na kukiita Kiswahili zimwi. Tofauti kati ya zimwi na ndugu imekwisha kuonyeshwa: ni ile -an-. Kibarua aliyetoka Songea na mwenyeji wa Kilosa walijuana kwa Kiswahili. Bila ya Kiswahili wasingejuana. Na Kiswahili kimewahi kupokea na kukiri kwamba kimepokea. Neno ikulu limetoka katika Kinyamwezi, na neno ngeli, ambalo kila mwanasarufi hulitumia, limetoka katika Kihaya. Kanuni ya uundaji wa istilahi inaagiza kwamba, neno lisipopatikana katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, litafutwe kwanza katika lugha za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Kanuni hiyo ikifuatwa, ni kupeana. Ikiachwa kwenye karatasi huku istilahi zikifuatwa moja kwa moja katika Kiingereza, basi kinachobaki ni kumjua Mvidunda bila ya kujuana naye. Kamusi na maandiko ya lugha za wilaya kama Kilosa si kazi ya huruma kwa wazee. Ni deni.

VII

Umebaki mwisho wa mchezo. Crater anamtetea kiumbe: anasema ni wa mwisho, kama walivyokuwa nyati wa Marekani waliotapakaa mbugani kisha wakauawa karibu wote. Kiumbe mwenyewe, akiwa amevaa sura ya McCoy, anakaa kwenye meza ya baraza na kushauri kwamba huenda akapewa chumvi bila kuua. Ni nafasi pekee anayopata ya kuomba, na hata hiyo anaipata kwa sura ya mwingine. Hatimaye McCoy anamwua, naye anakufa akiwa ameuvaa uso wa Nancy kabla ya kurudi katika umbo lake. Kapteni Kirk anamalizia kwa kusema kwamba alikuwa akimfikiria nyati.

Hapa mfasiri awe na hadhari. Akiandika "nyati" bila maelezo, mtazamaji wa Mikumi atashangaa, kwa sababu nyati kwake hajaisha. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili kabla ya mchezo huu, na katika uwanda wa Mkata nyati wapo mpaka leo, wanaonekana hata na abiria wa basi. Aliyetajwa na Kirk ni mnyama mwingine wa bara jingine. Lakini kosa hilo la tafsiri lina faida yake: linamkumbusha mtazamaji kwamba katika miaka ileile watu waliweza kumlilia mnyama aliyekwisha, na mahali pengine watu waliweza kumwekea mpaka kabla hajaisha. Kwa wanyama, Mikumi ilichagua la pili. Kwa lugha zinazosemwa kandokando ya hifadhi hiyo, uchaguzi huo bado haujafanywa kwa uzito uleule.

Kasoro kubwa ya "The Man Trap", basi, haimo katika jina la Uhura wala katika matamshi yake. Imo katika jambo ambalo mchezo haukulifanya. Maofisa wanakaa barazani kujadili kiumbe huyo ana akili kiasi gani, anataka nini, na kama inawezekana kusema naye. Katika chombo kizima kuna mtu mmoja aliye hai ambaye kiumbe alizungumza naye kwa lugha yake ya ndani, na mtu huyo ndiye mwenye kazi ya mawasiliano. Hakuna anayemwita Uhura kumwuliza alichosikia. Mwandishi alikihitaji Kiswahili ili kutega mtego. Mtego ulipokwisha kufyatuka, alikiacha ujiani.

Pamoja na hayo mchezo huu unastahili kutazamwa na kufundishwa, tena si kama kituko cha kuchekesha. Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili anaweza kuuweka pamoja na hadithi ya msichana na zimwi, na mwalimu wa historia anaweza kuuweka kando ya hati ya Msowero. Wanafunzi wa Kilosa, ambao wengi wao wana bibi asemaye Kisagara, Kikaguru au Kividunda nyumbani, wanaweza kupewa zoezi moja jepesi: wayaandike upya mazungumzo ya ujiani kwa lugha ya bibi, kisha wamsomee, na waandike atakayosahihisha.